Barua ya Wazi kwa Maspika wa Bunge na Mwenyekiti wa IEBC Kuhusu Viti Vinavyokaa Wazi na Gharama ya Chaguzi Ndogo

Kwa:
Mheshimiwa Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Kitaifa;
Mheshimiwa Amason Kingi, Spika wa Seneti;
Bw. Erastus Edung Ethekon, Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC).

KUH: VITI VYA UWAKILISHI KUKAA WAZI KINYUME CHA KATIBA, NA MZIGO WA CHAGUZI NDOGO KWA MLIPA KODI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Ninawaandikia nikiwa mpiga kura na mlipa kodi ambaye pia amewahi kuhudumu kama karani wa uchaguzi, katika uchaguzi mkuu na katika uchaguzi mdogo, na kwa hiyo nayajua mambo ya vituo vya kupigia kura kwa kuyaona na si kwa kusimuliwa. Kabla ya kuchukua hatua hii ya kuandika hadharani, niliyapeleka malalamiko haya kwa maandishi katika ofisi moja ya umma inayohusika, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya hapo kukawa kimya. Kila nilipofuatilia niliambiwa kwamba faili iko mezani kwa mkubwa. Sioni haja ya kuitaja ofisi hiyo, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu yeyote. Nataka jambo hili lijadiliwe mahali ambapo haliwezi kufungiwa kwenye faili.

Kwa ufupi, ninalalamika kwamba kiti cha uwakilishi kinapokuwa wazi katika nchi hii, mwananchi hugharimika mara mbili. Kwanza hukosa sauti bungeni kwa muda ambao hakuna anayeweza kumhakikishia utaisha lini, kisha hulipia uchaguzi wa kukijaza kiti hicho, hata pale ambapo kiliachwa wazi kwa uamuzi wa wanasiasa wenyewe na wala si kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Naomba niyaeleze haya moja baada ya jingine.

1. Muda uliowekwa na Katiba ulivunjwa, na hakuna aliyewajibika.

Kifungu cha 101 cha Katiba hakina utata. Kiti cha mbunge au seneta aliyechaguliwa kikibaki wazi, Spika ana siku 21 za kuiarifu IEBC kwa maandishi, na uchaguzi mdogo unapaswa kufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Kwa wadi, Kifungu cha 194 kinampa Spika wa bunge la kaunti siku 21 kama hizo, na IEBC siku 60 tangu ipokee taarifa. Walioyaandika haya walijua kwamba uwakilishi ukiachwa bila tarehe utaahirishwa kila mara kwa sababu inayoonekana nzuri siku hiyo.

Sasa tutazame Banissa, katika kaunti ya Mandera. Mbunge wake, Kullow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023 baada ya ajali ya barabarani jijini Nairobi. Kwa hesabu ya Katiba, watu wa Banissa walipaswa kuwa na mbunge mpya kabla ya Julai mwaka huo. Walipiga kura Novemba 27, 2025. Katika kipindi hicho, Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha wa 2023, ambao Banissa ililipa kodi zake kama wengine bila kuwa na wa kuupigia kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ukapigiwa kura Juni 25, siku ambayo vijana waliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na Banissa haikuwa na kura. Oktoba 8, 2024 Bunge la Kitaifa likapiga kura ya kumwondoa mamlakani Naibu Rais Rigathi Gachagua, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Katiba ya 2010, na safari hii Banissa haikuwa peke yake. Magarini, ambako Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha kufutwa kwa uchaguzi wa mbunge wake, na Ugunja, ambako mbunge alikuwa ameteuliwa kuwa waziri, nazo zilikuwa nje ya ukumbi.

Mwaka 2025 orodha ikaongezeka: Malava na kiti cha Seneti cha Baringo kwa vifo, Kasipul kwa mauaji ya mbunge aliyepigwa risasi jijini Nairobi, Mbeere Kaskazini kwa uteuzi mwingine, pamoja na wadi kadhaa. Yote hayo yakarundikwa siku moja ya Novemba. Huko Magarini, baada ya kusubiri kote huko, wapiga kura walimrudisha yule yule Harrison Kombe. Hiyo ni haki yao, lakini inanifanya nijiulize ni kwa sababu gani walinyimwa nafasi ya kusema hivyo mapema zaidi.

Mnajua sababu inayotolewa. Muda wa marehemu Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa IEBC, na makamishna wawili waliobaki naye uliisha Januari 17, 2023, na Tume haikuwa na makamishna tena hadi Julai 11, 2025. Nitairudia hoja hii hapa chini, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kufunga mjadala.

2. Viti vinavyoachwa wazi kwa hiari vinahesabiwa sawa na vile vilivyoachwa na marehemu.

Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kufa, wala kuwalaumu wapiga kura kwa sababu mahakama imegundua kasoro. Lakini Kifungu cha 152 kinasema waziri hawezi kuwa mbunge, na Rais yeyote anayemteua mbunge aliye kazini kuwa waziri anajua, kabla ya kutia sahihi, kwamba anaagiza uchaguzi mdogo utakaolipiwa na watu wengine. Baada ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022, Seneta wa Elgeyo Marakwet Kipchumba Murkomen na wabunge Aden Duale wa Garissa Mjini na Alice Wahome wa Kandara waliteuliwa mawaziri, na Januari 5, 2023 wapiga kura wao wakarudishwa vituoni. Hata miezi mitano haikuwa imepita tangu wapange foleni kuwachagua.

Mheshimiwa Spika Wetang'ula, nawe unaujua mkondo huu kwa karibu, na ninalisema hili bila kukosa adabu. Ulichaguliwa Seneta wa Bungoma Agosti 2022, mwezi uliofuata ukachaguliwa Spika, na Desemba 8 kaunti nzima yenye maeneobunge tisa ikafanya uchaguzi mwingine kwa ajili ya kiti hicho kimoja. Hukuvunja sheria yoyote. Ninachouliza ni kama kuna siku, katika mazungumzo yote ya mgao wa vyeo baada ya uchaguzi ule, mtu yeyote alileta mezani hesabu ya uchaguzi wa Bungoma.

Kisha ikaja Agosti 2024, Rais alipowachukua viongozi wa ODM kuingia serikalini. Opiyo Wandayi aliiacha Ugunja akawa Waziri wa Kawi. Katika kundi hilo hilo alikuwemo John Mbadi, ambaye alikuwa mbunge wa kuteuliwa, na nafasi yake ilijazwa kutoka orodha ya chama bila sanduku hata moja kubebwa. Walioteuliwa ni wawili, cheo ni kimoja na siku ni ile ile, ila aliyeacha wapiga kura zaidi ya mwaka mzima bila mbunge ni yule waliyemchagua wenyewe. Mwaka uliofuata Geoffrey Ruku naye akaondoka Mbeere Kaskazini kwa njia hiyo hiyo.

Kuna historia ambayo Bunge linapaswa kuikumbuka hapa. Sheria ya kumrudisha kwa wapiga kura mbunge aliyehama chama ilizaliwa mwaka 1966, pale Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoiacha KANU, chama tawala, na kuunda chama cha upinzani cha KPU. Katiba ilibadilishwa kwa kasi ya ajabu na wabunge 29 wakalazimishwa kutetea viti vyao katika kile kilichokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo. Lengo lilikuwa kuwaadhibu. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, chombo hicho hicho kikageuzwa: wabunge wa upinzani walihamia KANU, viti vyao vikatangazwa wazi, na chama tawala kikapata nafasi ya kuvitwaa kimoja kimoja. Ninayataja haya kwa sababu uchaguzi mdogo haujawahi kuwa jambo la kiutawala tu nchini Kenya. Anayedhibiti ni lini kiti kinakuwa wazi, na ni lini kinajazwa, ana silaha mkononi.

3. Gharama haionekani kwa sababu imetawanywa.

Niruhusuni niwaeleze kituo kimoja kinavyokuwa. Sheria inasema kituo kisizidi wapiga kura 700. Katika uchaguzi mkuu kituo hicho kina masanduku sita na karatasi za rangi sita, foleni huanza kabla ya mapambazuko, na kila shilingi inayotumika hapo inagawanywa kwa nafasi sita zinazojazwa kwa siku moja. Katika uchaguzi mdogo, sanduku linaweza kuwa moja tu. Makarani hupungua kidogo, lakini msimamizi wa kituo yupo, naibu wake yupo, polisi wapo usiku kucha, kifaa cha KIEMS cha kuwatambua wapiga kura kimewekewa taarifa upya na kufanyiwa majaribio, karatasi zimechapishwa upya zikiwa na alama zake za usalama, wahudumu wamepewa mafunzo upya na gari limekodiwa kwenda na kurudi. Ikifika saa tisa alasiri, nimeona mwenyewe, mawakala wa wagombea wanaweza kuwa wengi kuliko wapiga kura walio chumbani, na karani anashika kifaa cha alama za vidole akitazama mlango. Usiku, Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo, inajazwa na kutiwa sahihi kwa uangalifu ule ule, iwe waliojitokeza ni mia sita au ni themanini.

Kazi hiyo nailinda. Fomu hiyo isijazwe kwa haraka eti kwa kuwa uchaguzi ni mdogo. Ila zidisheni kituo hicho kwa vituo vyote vya kaunti, kama Baringo ambako maeneobunge sita yaliitwa kumchagua seneta mmoja, halafu muongeze kile kisichoandikwa katika vitabu vya IEBC: usafiri na marupurupu ya polisi waliotolewa vituo vingine, ambayo yamo kwenye bajeti ya usalama, kesi za baada ya uchaguzi, ambazo zimo kwenye bajeti ya Mahakama, saa za maafisa wa utawala wa mkoa. Hesabu ikigawanywa mafungu manne, kila ofisi inaweza kusema kwa ukweli kwamba sehemu yake ni ndogo.

4. Mali ya umma katika kampeni.

Uchaguzi mkuu huwatawanya wakubwa nchi nzima. Uchaguzi mdogo huwakusanya wote kwenye eneobunge moja, pamoja na misafara yao. Kampeni za Novemba 2025 zilimwona Naibu Rais Kithure Kindiki akipiga kambi Mbeere Kaskazini na Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi akizunguka Malava, na upinzani nao ukapeleka vigogo wake huko huko. Kiongozi ana haki ya kumpigia debe mgombea wa chama chake. Hana haki ya kufanya hivyo kwa mafuta, magari na walinzi wa serikali, wala ya kugeuza umeme na barabara, ambavyo ni stahili ya raia, kuwa zawadi ya kampeni inayoletwa wiki chache kabla ya kura. Sheria ya Kudhibiti Gharama za Kampeni ipo tangu 2013, lakini viwango vya matumizi havijawahi kutumika katika uchaguzi mkuu wowote, na mwaka 2021 IEBC ilipovichapisha, ni Bunge lenyewe lililozikataa kanuni hizo. Huko Kasipul kampeni zilifikia watu kuuawa. Pesa nyingi zikikutana na kiti kimoja, hilo halipaswi kumshangaza mtu.

5. Mwaka 2027 unakaribia.

Katiba hairuhusu uchaguzi mdogo ndani ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, na uchaguzi mkuu unaofuata ni Agosti 10, 2027. Kiti kitakachoachwa wazi kuanzia mapema mwaka huo kina uwezekano mkubwa wa kubaki wazi hadi mwisho wa muhula, na msimu huo ndio ule ambao wanasiasa hubadilisha vyama kama shati. Ninaomba jambo hili lishughulikiwe sasa, kabla ya kila mmoja kuwa mgombea.

Waheshimiwa, ninazijua baadhi ya sababu mtakazozitoa, na ninaona heri nizijibu mapema.

Mtasema Tume haikuwepo. Ni kweli, lakini kutokuwepo kwake hakukuwa radi. Makamishna wale waliapishwa Januari 2017 kwa muhula mmoja wa miaka sita, kwa hiyo tarehe ya kuondoka kwao ilijulikana siku ile ile waliyoingia. Kilichofuata ni mazungumzo ya maridhiano yaliyotoa ripoti yake Novemba 2023, sheria iliyotiwa sahihi Julai 2024, jopo la uteuzi lililoapishwa Januari 2025, na kesi mahakamani. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake, na kila hatua ilikuwa mikononi mwa wanasiasa ambao wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuapishwa na walikuwa wakilipwa. Zaidi ya hayo, chaguzi za Kandara, Garissa Mjini na Elgeyo Marakwet zilisimamiwa na Tume iliyobakiwa na makamishna watatu, siku 12 kabla ya muda wao kuisha. Palipokuwa na haraka, kazi ilifanyika.

Mtasema chaguzi ndogo haziwezi kutabirika, kwa hiyo haziwezi kuwekewa bajeti. Tarehe na mahali havitabiriki, nakubali. Lakini tangu 2013 hakuna Bunge lililomaliza muhula wake bila chaguzi ndogo. Hospitali haijui ni nani ataugua kesho, lakini hununua dawa. Kuchelewa kunakoeleweka ni kama kule kwa Msambweni mwaka 2020, ambako mbunge alifariki Machi, janga la Korona likaingia, na kura ikapigwa Desemba. Hilo hakuna aliyelilalamikia sana.

Wapo pia watakaosema dawa ni kuziondoa chaguzi ndogo kabisa, chama kipewe nafasi ya kumteua mrithi kama inavyofanyika kwa wabunge wa orodha, au mshindi wa pili apandishwe. Napinga yote mawili. Wapiga kura wetu wa maeneobunge huchagua mtu, wengine huchagua mgombea huru asiye na chama, na michujo ya vyama vyetu haijafikia kiwango cha kukabidhiwa kiti bila kura. Mshindi wa pili naye ni mtu ambaye wapiga kura walipewa nafasi ya kumchagua na hawakumchagua. Kadhalika nimesikia pendekezo la kuurefusha ule muda wa miezi mitatu uwe mwaka mzima, kama ilivyo Tanzania, ambako Katiba haitaki uchaguzi mdogo katika miezi 12 kabla ya Bunge kuvunjwa. Lina mantiki ya fedha, lakini siliungi mkono kwa sasa, kwa sababu mfumo ulioshindwa kuheshimu siku 90 hauwezi kuaminiwa na siku 365.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo:

(a) Kila Spika achapishe, katika Gazeti Rasmi na kwenye tovuti ya Bunge, tarehe ambayo kiti kilikuwa wazi, tarehe aliyoiarifu IEBC, na siku ya mwisho ya uchaguzi kwa mujibu wa Katiba.

(b) Mbunge au seneta anapoteuliwa waziri, ripoti ya Kamati ya Uteuzi inayowasilishwa bungeni iwe na makadirio ya gharama ya uchaguzi mdogo utakaofuata, ili wabunge wanaomwidhinisha wapige kura wakiijua bei. Kama Bunge litaona vyema kukata sehemu ya gharama hiyo kutoka fungu la chama husika katika Hazina ya Vyama vya Kisiasa, nitafurahi, ingawa mfano wa Ugunja, ambako anayeteua na anayeteuliwa walitoka vyama tofauti, unaonyesha kwamba itabidi ifikiriwe ni chama kipi kikatwe.

(c) IEBC itoe, ndani ya siku 60 baada ya kila uchaguzi mdogo, hesabu kamili ya eneo hilo peke yake, ikijumuisha gharama za usalama zilizopatikana kutoka idara nyingine, na ianze na maeneo yote ya Novemba 27, 2025. Kifungu cha 201 kinadai uwazi katika fedha za umma, na cha 35 kinatupa haki ya kupata taarifa.

(d) Fungu la chaguzi ndogo litengwe kila mwaka wa fedha, lisitegemee bajeti ya ziada.

(e) Bunge lipitishe kanuni za Sheria ya Kudhibiti Gharama za Kampeni, zikiwa na kiwango maalumu cha chaguzi ndogo, kabla ya mwisho wa mwaka 2026.

(f) Sheria ya IEBC irekebishwe ili makamishna wanaomaliza muhula waendelee kusimamia chaguzi ndogo tu, bila mamlaka mengine, hadi warithi wao waapishwe.

Ombi hili la mwisho nalijua litazua mjadala mkali kuhusu kuwarefushia watu kazi, na mjadala huo ufanyike. Watu wa Banissa wana haki ya kuwa wa kwanza kusikilizwa humo.

Nisipopata jibu la maandishi kutoka kwa ofisi zenu ndani ya siku 30, nitawasilisha maombi rasmi mbele ya Bunge la Kitaifa na Seneti chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, nikiambatanisha barua hii pamoja na ile iliyogongwa muhuri.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mpiga kura na karani wa uchaguzi wa zamani